Namba Juu ya Makopo

Hull, 11 Oktoba 2022

Shangazi Enid mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti limetulia. Sisi huku hatujambo. Lacey ameng'oka jino la mbele na sasa akisema "sisi" anapiga filimbi. Amesema nikuambie jino limetoka lenyewe na hakulia, na ni kweli hakulia sana.

Boksi limefika. Clifford alipita Jumanne iliyopita na lori lake la mikate, akaliweka mlangoni, akaondoka kabla sijamwambia aingie anywe chai. Huyo jirani yako ana haraka kama anayefukuzwa. Shangazi, umetuma vitu vingi mno: maharage, supu, samaki wa kopo, pichi kwenye sharubati, hata maziwa ya unga. Lacey ameyapanga makopo sakafuni na kuyafanya mabasi, kwa sababu kila moja lina namba juu ya kifuniko, imeandikwa kwa kalamu nene nyeusi. Namba 23 linakwenda shule. Namba 24 linakwenda ufukweni. Ni wewe uliyeandika hizo namba?

Kazini kwema. Bado nasafisha kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee, ila wamenipunguzia saa kidogo, kwa hiyo napata nafasi ya kukaa na mtoto. Jioni tunazima taa tunacheza kambi: blanketi juu ya meza, sisi chini yake, na hadithi. Anapenda sana. Usiwe na wasiwasi, ni mchezo tu.

Wewe je, unakula vizuri? Umeshaanza kuwasha moto sebuleni? Nasikia huko Burnley baridi imewahi.

Mtoto wa kaka yako,
Leanne


Burnley, 25 Oktoba 2022

Leanne wangu,

Salamu kwako na kwa huyo kibogoyo wako. Mwambie mimi nina machache kuliko yeye na bado najua kutafuna maneno. Goti liko pale pale, linalalamika kuliko mwenyewe. Ukiona majibu yanachelewa, jua kwamba kwenda posta ni mteremko na kurudi ni mlima, na aliyeujenga mji huu hakuwa na shangazi mzee. Na usinianzie tena habari ya simu. Masikio yangu niliyaacha kwenye kelele za mitambo ya kufuma, mimi na wasichana wote wa rika langu. Tulibaki na macho. Hata leo nasoma midomo ya mtu aliye ng'ambo ya barabara, lakini simu haina midomo.

Bi Ogden wa nyumba ya kona amefariki. Walimkuta kitini, amevaa koti na kofia. Watu walidhani alikuwa anajiandaa kutoka. Nilikwenda mazikoni. Kulikuwa na sandwichi za samaki, nzuri kweli, nikala na nyingine nikazitia kwenye mkoba. Usinicheke, zingetupwa.

Makopo nimeyaandika mimi. Umri huu mtu husahau alinunua nini lini, kwa hiyo naandika mwaka wa kuharibika, basi. Chakula ninacho tele, nimenenepa hadi sketi ya buluu haifungi. Kula, mlishe mtoto, na usinihoji kama polisi.

Sasa niambie. "Kidogo" hiyo waliyokupunguzia ni kiasi gani? Na kambi gani hiyo inayochezwa gizani kila siku? Huna la kusema, usiseme, sitakulazimisha. Kumbuka tu wewe ni wa ukoo wa Holt. Babu yako alivaa viatu vya kaka yake mpaka vidole vikachungulia nje, lakini hakuomba. Sisi hatuombi.

Shangazi yako


Hull, 20 Novemba 2022

Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Hatujambo, Lacey anakusalimu, alikuwa na kikohozi, sasa kimepungua. Boksi la pili limefika pia na tumelimaliza. Sikutaka kukuambia haya. Nimeianza barua hii mara nyingi nikaichana, lakini sina mwingine wa kumwambia.

Wamenikatia posho ya serikali. Lacey aliamka anatapika, ikawa ndiyo siku ya miadi yangu kwenye ile ofisi ya ajira, na simu yangu haikuwa na salio. Siku iliyofuata nilikwenda mbio kueleza. Kijana wa mezani aliniambia kwa upole kabisa kwamba mfumo umeshaamua. Nilimuuliza mfumo ndiye nani, nimwone. Akatazama kioo cha kompyuta yake.

Sasa ile mita ya umeme inakula fedha hata tukiwa tumezima kila kitu. Naiwekea leo, kesho naikuta imejitoza ya kwake ya kila siku, taa hatujawasha. Kambi si mchezo, Shangazi, ulijua.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Kuna watu wanagonga mlango. Wanagonga mara tatu, wananyamaza, wanagonga tena. Jirani anasema ni watu wa madeni. Mwingine anasema ni maofisa wa ustawi wa watoto. Tukisikia tunalala sakafuni chini ya dirisha. Juzi nilimziba Lacey mdomo kwa kiganja, akaning'ata akicheka. Kisha akaniona uso, akaacha kucheka, akatulia kama mtu mzima. Nilitamani aendelee kuning'ata.

Na kuna mwalimu wake, Mwalimu Whitlock. Amemkuta Lacey ameficha mkate wa chakula cha shule ndani ya soksi. Alipomuuliza, Lacey akasema ni wa mama. Mwalimu ameniandikia niende tukaongee. Sijaenda. Nampeleka mtoto hadi kona, kisha ninageuka.

Kuna kanisa hapa mtaa wa pili lina benki ya chakula, wanagawa bure kwa wasio nacho. Nimepita mbele yake nikaona foleni, nikainamisha kichwa. Ukienda lazima utoe jina. Wakishaandika jina langu, na mwalimu naye anajua habari ya mkate, si watajumlisha? Wakimchukua Lacey, mimi nitabaki na nini? Niambie nifanye nini. Naogopa.

Leanne


Burnley, 3 Desemba 2022

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa. Huku theluji imeanguka kidogo, paka wa Clifford amezaa ndani ya sanduku la zana, na mimi ni mzima. Mwandiko ukiona unayumba ni kwa sababu naandikia kitandani. Kitandani ndiko kwenye joto.

Usiende kanisani. Nisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili sikuwahi kumwambia hata baba yako. Nilipokuwa mdogo kuliko Lacey, kulikuwa na bwana mmoja mwenye kofia ngumu aliyekuwa akizunguka na baiskeli mitaani. Watu wazima walimwita Bwana Ukatili, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutafuta wazazi wakatili. Mama wa mtaani kwetu, mama mwema, mumewe alikuwa amelazwa, alikwenda parokiani kuomba mkate. Wiki hiyo hiyo Bwana Ukatili akafika kwake. Aliegemeza baiskeli ukutani kwetu. Watoto watatu walitoka wamevaa makoti yao mazuri, na yule mdogo alinipungia mkono akidhani wanakwenda matembezi. Sikuwaona tena. Mama yangu aliteremsha pazia, akasema: "Unaona? Ukiomba, wanajua ulipo."

Basi hilo ndilo ninalolijua. Kofia zimebadilika, lakini bwana yule hajafa. Usifungue mlango. Kwa mwalimu, nenda umechana nywele, tabasamu, mwambie mtoto ana utani wa kuficha vitu.

Boksi la safari hii ni kubwa. Clifford amelalamika mgongo, mwache alalamike, ni kijana. Nimetia pudingi ya Krismasi na soksi za Lacey nilizofuma mwenyewe. Kuleni. Msinibakizie.

Shangazi yako


Hull, 9 Januari 2023

Shangazi Enid,

Heri ya mwaka mpya. Soksi zimemtosha Lacey na anazivaa hata kitandani. Pudingi tulikula siku ya Krismasi mchana. Jino jipya limeanza kuchomoza, limekwenda upande kidogo kama la baba.

Sikukutii, na nitakueleza ilivyokuwa.

Siku ya kwanza shule zilipofunguliwa, jioni, waligonga tena. Tulilala chini. Safari hii kisanduku cha barua mlangoni kikafunguka, vidole vikaingia, na sauti ikasema: "Leanne, ni Judith Whitlock. Niko peke yangu. Nimesimama na mvua inaninyeshea, mpenzi, ukifungua utakuwa umenisaidia." Lacey akasema kwa nguvu, "Mwalimu, sisi hatupo." Ningefanya nini? Nilifungua.

Hakutazama jikoni. Nilikuwa namwangalia macho, nikisubiri atazame jikoni. Alinipa kikaratasi cha kupeleka kanisani nipewe chakula, akasema hata dada yake amepata kama hicho. Nikamuuliza, "Mtamchukua?" Akauliza, "Nani?" Nilipomwonyesha Lacey, yule mama alikaa kwenye ngazi akafunika uso kwa mikono. Nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza.

Basi nilikwenda. Nilivaa koti lenye kofia nikaivuta hadi puani. Kuna mzee pale anaitwa Desmond, zamani alikuwa kondakta wa basi, anakukaribisha kama unapanda basi lake: "Sogea ndani, mama, nafasi ipo." Aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, nyumbani nina jiko linalowaka au birika peke yake, kwa sababu wana mifuko ya vyakula vya kumwagia maji moto kwa wenye birika na mifuko ya wasio na hata birika. La pili, "Mko wangapi?" Nikasema wawili.

Wakati nasubiri, nilimwona anachukua makopo kwenye kreti, moja baada ya jingine. Analigeuza, anasoma chini, kisha anachukua kalamu nene nyeusi na kuandika mwaka juu ya kifuniko. 23. 24. 24. Lacey akasema, "Mama, anatengeneza mabasi ya Shangazi."

Nilimuuliza kwa nini anaandika. Akasema, "Ili tutoe ya zamani kwanza. Benki nyingi za chakula zinafanya hivi. Ukiona kopo lenye wino juu, ujue limepita mikononi mwetu."

Shangazi, nimerudi nyumbani nikatoa makopo yako yaliyobaki nikayaweka mezani kando ya yale ya Desmond. Lacey hakuweza kuyatenganisha. Mimi pia sikuweza.

Sitakuuliza yametoka wapi. Nakuuliza jambo moja tu, na unijibu hilo tu. Leo umekula nini?

Leanne


Burnley, 19 Januari 2023

Leanne,

Salamu. Mimi mzima, paka mzima, watoto wa paka wazima.

Umekwenda nilikokukataza, sawa, wewe ni mtu mzima. Lakini usije ukakaa na mzee wa mabasi mkanijadili. Nimefanya kazi tangu nina miaka kumi na mitano. Nimekulea wewe, mtoto nisiyemzaa, na hukuwahi kulala njaa. Kalamu nyeusi zinauzwa dukani, mtu yeyote anaweza kununua.

Umeuliza nimekula nini. Nimekula chakula.

Boksi litakuja mwisho wa mwezi kama kawaida.

E. Holt


Hull, 8 Februari 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo mara nyingi kuliko siku zote. Lacey mzima. Posho wameirudisha nusu, nyingine wanasema wanaiangalia. Nimemrudisha Clifford na boksi lako. Halikufunguliwa. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemshinda.

Safari hii sikumwacha akimbie. Nilikaa kwenye ngazi ya lori lake nikamwambia sitoki hadi aniambie. Alisema, "Usiniulize mimi, Leanne, nimeapa." Nikamwambia kiapo kizuri ni kile kisichomzika mtu. Akasema wiki iliyopita alikukuta kwenye mlima wa posta, umeshika ukuta kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya buluu. Akakubeba hadi nyumbani. Anasema alipokunyanyua alishtuka, kwa sababu alijitayarisha kunyanyua mtu akanyanyua koti. Na chini ya koti kulikuwa na koti jingine. Sebuleni kwako pumzi ilikuwa inaonekana. Kabatini kulikuwa na chumvi, majani ya chai na boksi langu limefungwa tayari kwa kamba.

Ni lile koti, Shangazi. Tangu aliponiambia, kila nikifumba macho namwona Bi Ogden kitini na kofia yake, kisha akigeuka anakuwa na uso wako. Sijawahi kuogopa hivi, hata walipokuwa wanagonga. Wale walikuwa wanataka kuingia. Hii iko ndani tayari. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nitakisikia kilio hicho kwa njia ya posta, siku nne baadaye, na stempu juu.

Nimekasirika pia, nitasema. Ulinifundisha kuona aibu, na nusura aibu hiyo inifanye nimfungie mlango mwalimu aliyekuja kunisaidia. Ulikuwa unanikataza foleni ambayo wewe mwenyewe ulikuwa ukiipanga. Unaniletea chakula ulichopewa wewe ukiwa na njaa, mimi namlisha mwanangu, namwambia Shangazi tajiri. Unajua tulivyokuwa tunakula? Tulikuwa tunacheka.

Basi mimi naanza, ili usione ni wewe wa kwanza katika ukoo wa Holt. Mimi, Leanne, nilikuwa na njaa tangu Septemba. Nilikuwa namwambia Lacey nimekula kazini. Kazini nilikuwa nakula mabaki ya wazee kwenye sahani kabla sijaziosha. Nilikuwa na njaa na niliogopa, nikaomba, na mtoto wangu yuko hapa anachora paka.

Njoo ukae nasi. Nyumba ni ndogo, utalala na Lacey, anarusha miguu. Nimeuliza kama kuja kwako kutaigusa posho yangu, wamesema watanijibu. Wajibu wasijibu, njoo. Clifford anakuja tena tarehe ishirini na tano na kiti cha mbele kiko wazi.

Tafadhali nijibu. Hata neno moja.

Leanne


Burnley, 21 Februari 2023

Leanne,

Nina njaa.

Nimeliandika na nimekaa nikilitazama. Chai imepoa. Hakuna aliyekuja na baiskeli.

Nitakuambia mengine kwa haraka kabla sijabadili mawazo. Nilianza kwenda pale mwezi wa Agosti, kanisa lile lile ambalo mimi mwenyewe nilikuwa napeleka makopo kila msimu wa mavuno. Siku ya kwanza wale kina mama walidhani nimeleta, wakanipokea mfuko wangu mtupu. Walipoelewa waligeuka pembeni wakaongea, wakasahau mimi ni mfumaji. Nikaisoma midomo yao. Mmoja alisema, "Maskini, Enid." Tangu siku hiyo nikasema basi, nikipewa kwa jina hilo nisile mimi. Nile nini na hilo "maskini" liko juu yake? Lakini wewe hukulisikia. Uliniandikia makopo yamekuwa mabasi. Hivyo nilikuwa nakufikishia bila hilo neno, na barua zako zikanitosha, au nilijidanganya hivyo.

Kuhusu Bwana Ukatili, sikukudanganya. Ninamwogopa mpaka leo. Usiku upepo ukitikisa mlango huwa naangalia kama kuna baiskeli ukutani. Lakini yule mwalimu wako alinyeshewa mvua, na Bwana Ukatili sikumwona akinyeshewa hata siku moja.

Boksi lako nimelifungua, mwenyewe kwa mkono wangu. Nimekula pichi zote kwa kijiko, nimesimama jikoni, na sharubati nimeinywa kwenye kopo. Nimejikata mdomo kidogo. Nimelia kwa ajili ya pichi, mtu mzima, ungeniona.

Nitakuja na Clifford. Siji na vitu vingi: makoti mawili, sindano za kufumia, na picha ya baba yako. Lacey akirusha miguu nitamrushia ya kwangu. Siku za miadi yako nitakaa naye mimi, atapike asitapike, nawe usikose tena.

Kuna jambo moja la kufanya kabla sijafika. Nenda kwa huyo mzee wa mabasi. Vua kofia. Akikuuliza mko wangapi, mwambie watatu.

Shangazi yako,
Enid